Miguu-Minne: Matunzo, Mageuzi na Ukweli Ambao Hatukuuandika

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya mwaka ya kamati za miradi za sharika, iliyohudhuriwa pia na wageni kutoka sharika rafiki. Tunaichapa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Ratiba inasema tuzungumzie "utunzaji wa vyombo vya usafiri vya miradi". Wengi wenu mlitegemea tusimame hapa na orodha ya magari na pikipiki, tuseme ngapi nzima na ngapi mbovu, kisha tuombe fedha. Orodha hiyo ipo, na mtaikuta ofisini. Leo tumeona ni heri tuzungumze juu ya chombo kimoja tu, kile ambacho watoto wa kijijini walikipa jina la Miguu-Minne.

Mnaikumbuka. Picha yake ilitoka ukurasa wa mbele wa jarida hili mwaka 2014, ikiwa imefungwa utepe mwekundu, muuguzi wetu ameketi juu yake na kwaya ya vijana imesimama nyuma. Chini ya picha tuliandika kwamba huduma ya kliniki ya mama na mtoto sasa itafika kila mtaa. Picha ile ilikuwa ya kweli. Maneno yale yalikuwa ni matumaini. Kilichofuata baada ya picha hatukukiandika, na hicho ndicho tumekuja kukisema.

CHOMBO CHENYEWE

Miguu-Minne ni Yamaha Blaster, pikipiki ya magurudumu manne ya michezo. Aina hii iliuzwa kuanzia mwaka 1988 hadi 2006. Ina injini ya silinda moja ya cc 195, hupozwa kwa upepo, ina gia sita za kwenda mbele na haina gia ya kurudi nyuma. Huwashwa kwa kupiga kiki. Haina saa ya kuonyesha mwendo wala kilomita. Gesi yake haizungushwi kwa mkono kama pikipiki yetu ya kawaida, bali husukumwa kwa kidole gumba.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba injini yake ni ya mipigo miwili. Wazee hapa wanakumbuka pikipiki za zamani zilizokuwa zikitoa moshi wa bluu na sauti ya nyuki. Injini za namna hiyo hazina oili inayokaa chini ikisubiri kupaka pistoni kama ilivyo katika gari. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye krenki, ndipo upande juu kuwaka. Oili ya 2T husafiri pamoja na mchanganyiko huo, hupaka beringi na ukuta wa silinda, kisha huungua na kutoka kama moshi. Maana yake ni hii: injini hii inapakwa mafuta njiani, kwa kadiri inavyolishwa. Ikilishwa vibaya hata kwa dakika chache, hakuna akiba ya kuiokoa.

Kwa nini basi watu wakatengeneza injini ya namna hii? Kwa sababu ni nyepesi, ina vipande vichache, na hutoa nguvu katika kila mzunguko wa krenki, wakati injini ya mipigo minne hutoa katika kila mizunguko miwili. Kwa mashindano kwenye mchanga na viwanja vya matope, ni chombo kizuri sana. Marekani, ambako vyombo hivi vilipendwa zaidi, serikali ilitoa kanuni za moshi mwaka 2002 zilizoanza kugusa vyombo vipya vya mwaka 2006, na injini za mipigo miwili zikaondoka polepole madukani. Kwa hiyo tulipopokea zawadi yetu mwaka 2014, aina hiyo ilikuwa haitengenezwi tena kwa miaka minane. Hilo hatukuliuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tulipona kwa furaha kiasi cha kusahau kuuliza.

MIEZI YA KWANZA

Tuwe wa haki kwa waliotuletea. Walituma kwa upendo, na chombo kilifika kizima, kikiwa na plagi za akiba, chujio jipya la hewa na kitabu cha fundi. Makosa tutakayoyataja ni yetu sisi ofisini.

Kosa la kwanza lilikuwa la upepo wa matairi. Matairi ya chombo hiki ni mapana na laini, yanahitaji upepo kidogo mno, karibu psi 4. Kipimo cha kawaida cha gereji hakiwezi hata kusoma kiasi hicho. Kijana wetu aliyapeleka kujazwa kama ya gari dogo. Muuguzi alirudi jioni akasema chombo kinaruka kama mbuzi na mgongo unamuuma. Tulidhani ni uzembe wa mtu asiyezoea. Ilikuwa ni upepo.

Kosa la pili lilikuwa la abiria. Ekseli ya nyuma ya chombo hiki ni moja, ngumu, magurudumu mawili ya nyuma huzunguka kwa pamoja bila difa ya kuyatofautisha. Ndiyo maana dereva lazima ahamishe mwili wake kwenye kona, na ndiyo maana siti ni ndefu: ni kwa ajili ya dereva kusogea, si kwa ajili ya mtu wa pili. Sisi tulipanga mwinjilisti aendeshe na muuguzi apande nyuma. Walipinduka siku ya tatu, mahali pa tambarare, kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Namshukuru Mungu, tena tunamshukuru sote, hakuna aliyevunjika. Tangu siku ile muuguzi amejifunza kuendesha mwenyewe, na hakuna anayepanda nyuma, awe mchungaji au mtoto wa mchungaji. Marekani mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali kuacha kuuza zile za magurudumu matatu kwa sababu ya ajali, na vyombo vikubwa kama hiki vikawekewa masharti ya umri wa miaka 16 na kuendelea. Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye kibandiko juu ya chombo chenyewe. Hatukukisoma.

MAGEUZI YALIYOPENDEKEZWA

Baada ya miezi sita walikuja vijana wetu wenye ujuzi, wakiwa na mapendekezo. Chombo kilikuwa hakina nguvu mlimani. Huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo injini hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Vijana walitaka mambo manne.

La kwanza, ekzosti ya mashindano. Ekzosti ya injini ya mipigo miwili si bomba la kutolea moshi tu. Tumbo lake lililovimba hurudisha wimbi la mgandamizo hadi kwenye mlango wa silinda, nalo husukuma ndani mchanganyiko mpya uliotaka kutoroka. Lakini wimbi hilo hufika kwa wakati unaofaa kwenye mwendo fulani tu wa injini. Ekzosti za mashindano hupangwa kwa mwendo wa juu sana, na mara nyingi hupunguza nguvu za mwendo wa chini. Muuguzi mwenye sanduku la chanjo anapanda mlima kwa gia ya kwanza na ya pili. Tulikataa.

La pili, kupasua milango ya silinda kwa tupa ili ipitishe zaidi. Jambo hilo likishafanyika halirudi nyuma. Chuma kilichoondolewa hakirudishwi. Tulikataa.

La tatu, kuondoa kifaa kinachokata moto wa plagi endapo kabureta itabaki wazi wakati dereva ameachia kidole. Mafundi wengi hukichukia kwa sababu waya zake zikilegea, injini hukohoa bila sababu ya kuonekana. Lakini katika vumbi letu, kipande cha ndani ya kabureta kinaweza kweli kunasa kikiwa wazi. Tulisafisha waya, tukakiacha.

La nne, kuweka jeti kuu ndogo zaidi kwenye kabureta. Hewa ikiwa nyepesi, petroli huzidi, plagi huwa nyeusi na injini huwa nzito. Jeti ndogo hurekebisha uwiano. Hairudishi nguvu iliyochukuliwa na mlima, ila huifanya injini kuwa safi. Hili lilikuwa pendekezo sahihi kabisa kwa mtu anayebaki huku juu. Tulilikubali, na jambo lile sahihi ndilo lililotuangusha.

SIKU YA KONA HAMSINI NA SABA

Mnaijua barabara inayoshuka kutoka Matamba kwenda Chimala, yenye kona hamsini na saba. Juu ni baridi na ukungu, chini ni bonde la Usangu lenye joto, karibu mita elfu moja pungufu. Mwaka 2016 muuguzi wetu alishuka na sanduku la chanjo kwenda kufanya kliniki katika mitaa miwili ya bondeni. Alitoka alfajiri, chanjo zikiwa kwenye barafu, maana zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Aliendesha kwa uangalifu kama alivyofundishwa kwenye pikipiki ya kawaida: aliweka gia ndogo, akaachia gesi, akaiacha injini imshike mteremko mzima. Kwa injini ya mipigo minne hiyo ni busara. Kwa injini ya mipigo miwili ni hatari, kwa sababu pampu ya oili hufuata kidole cha dereva. Gesi ikifungwa, injini inazunguka kwa kasi huku ikipewa oili kidogo sana.

Alipofika chini alikuta barabara imenyooka. Jua lilikuwa limeshapanda. Akafungua gesi yote ili awahi. Hewa ya bondeni ni nzito kuliko ya kwetu, na jeti yetu ndogo ikatoa petroli pungufu kwa hewa ile. Mchanganyiko ulio mkavu huwaka kwa joto kali. Pistoni ikavimba kuliko silinda, ikakamata. Magurudumu ya nyuma yakajifunga, naye akavuta klachi kwa bahati njema, chombo kikasimama kando ya shamba la mpunga.

Alibeba sanduku kichwani. Baadaye alipata baiskeli. Alifika saa nane mchana. Kina mama walikuwa wamengoja tangu saa mbili asubuhi, wengine walitembea kutoka mbali na watoto migongoni, wakaondoka. Aliwakuta saba. Barafu ilikuwa imeshayeyuka na kipimajoto cha sanduku hakikuruhusu chanjo zitumike. Hakuchanja hata mtoto mmoja. Aliwaambia ukweli wale kina mama saba, akawaomba radhi kwa niaba yetu, akaandika tarehe nyingine kwenye kadi zao.

Chombo kilikaa bila kufanya kazi miezi saba. Pistoni ya saizi ya juu haikupatikana Mbeya wala Makambako, wala Dar es Salaam tulikouliza. Ilitumwa na marafiki zetu wa ng'ambo, nasi tuliwaomba kwa barua iliyosema "kwa ajili ya matengenezo ya kawaida". Katika taarifa ya mwaka ule tuliandika kwamba chombo "kinaendelea kutoa huduma". Wapendwa, neno "kinaendelea" halikuwa kweli. Tuliogopa kwamba tukisema kimekufa, tutaonekana tumeua zawadi, na zawadi nyingine haitakuja. Leo, mbele ya wale wale waliotuamini, tunasema tulikosea, na tunaomba radhi.

TULIVYOIREKEBISHA

Fundi wetu wa karakana aliichonga silinda kwa saizi ya pistoni mpya, akalainisha pembe za milango yake ili ringi zisikwaruzwe. Kabla ya kuifunga aliuliza swali ambalo sisi hatukuwa nalo: je, ni jeti peke yake? Aliziba mlango wa kabureta na wa ekzosti kwa vizibo vya mpira, akajaza upepo psi 6 tu, akangoja dakika sita. Sindano ilishuka. Akapaka maji ya sabuni, na mapovu yakatokea kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ulikuwa na ufa mdogo kama unywele. Hewa ya ziada ilikuwa ikiingia pale bila petroli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwa na kabureta lakini walituonya.

Somo la hapo kwa kamati zote ni kwamba pistoni iliyokamata ni matokeo, si chanzo. Fundi anayebadili pistoni bila kutafuta chanzo anakuuzia pistoni ya pili.

Kuhusu jeti, tulijadiliana sana. Wapo waliosema tuwe na mbili, ya juu na ya bondeni, na muuguzi azibadilishe njiani. Tukajiuliza nani atakumbuka siku ya mvua. Mwishowe tulirudisha jeti kubwa iliyokuja na chombo, tukakubali kwamba huku juu injini itakuwa nzito kidogo na plagi itakuwa nyeusi. Injini iliyoshiba petroli hulalamika. Iliyonyimwa hufa kimya.

Vijana walitaka pia tuondoe pampu ya oili na kuchanganya wenyewe kwenye petroli. Kwa uwiano wa 40 kwa 1, lita 20 za petroli zinahitaji nusu lita ya oili ya 2T. Njia hiyo ni nzuri kwa mtu mmoja makini. Kwa chombo cha usharika, ambacho leo kinajazwa na huyu na kesho na yule, siku moja kitajazwa petroli tupu. Tuliiacha pampu, ila kwa tangi la kwanza baada ya matengenezo tulichanganya pia kwenye petroli ili pistoni mpya isikauke. Tunakagua alama za pampu, na tangi la oili likiisha hatuwashi injini mpaka tutoe hewa kwenye mrija wake.

Mageuzi tuliyoyakubali ni ya kazi, si ya mbio. Tuliweka sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu, chombo kikapoteza kasi ya mwisho na kupata nguvu ya mlimani kwenye gia za chini. Hiyo ndiyo ekzosti ya mashindano ya maskini, na inarudishwa kwa spana. Tuliweka vizuizi vya miguu pande zote mbili vyenye wavu, ili mguu ukiteleza usiingie chini ya gurudumu la nyuma. Na tuliweka keria fupi nyuma ya siti, juu ya ekseli na si nyuma yake, kwa sanduku moja la chanjo tu. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, mlimani magurudumu ya mbele huinuka.

MATUNZO TUNAYOYAFUATA SASA

Kwa kuwa chombo hakihesabu kilomita, sisi tunahesabu lita. Kila petroli inayonunuliwa huandikwa, na matengenezo hufuata lita.

Kila siku kabla ya safari: tazama tangi la oili, bonyeza gesi na kuiachia, irudi yenyewe kwa mlio, kagua cheni na breki, bonyeza matairi. Chujio la hewa hufunguliwa kila jioni wakati wa kiangazi. Huoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, hupakwa oili ya chujio na ukingo wake hupakwa grisi. Kamwe usilioshe kwa petroli; ni moto unaongoja kiberiti. Na usiendeshe bila chujio hata kwa safari fupi, maana vumbi letu jekundu ni msasa.

Kila lita 20: toa plagi uisome. Ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, ni sawa. Ikiwa nyeusi yenye unyevu, petroli au oili imezidi, au chujio limeziba. Ikiwa nyeupe, simama hapo hapo. Usifunge plagi nyingine na kuendelea, maana nyeupe ni onyo la mwisho kabla ya kukamata. Kaza boliti, rekebisha cheni, kagua mpira wa kabureta kwa kuukunja mahali penye mwanga.

Kila lita 100: badili oili ya gia, ambayo ni tofauti kabisa na ile ya 2T, kwangua masizi kwenye mlango wa ekzosti, pima mgandamizo wa silinda. Hapa tahadhari: kwenye mwinuko wetu kipimo husoma chini kuliko kilichoandikwa vitabuni. Hivyo tuliandika kipimo cha siku injini ilipokuwa mpya, na tunalinganisha na hicho. Kikishuka sana, tunabadili ringi kabla hazijatulazimisha.

Na kwenye mteremko mrefu: tumia breki, vuta klachi pale inapowezekana, na kila baada ya muda mfupi fungua gesi kidogo ili injini ipate oili. Muuguzi wetu anasema "ninainywesha". Neno hilo sasa tumeliandika kwenye kibao juu ya tangi: INYWESHE.

HESABU NA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Miguu-Minne ina daftari moja, ufunguo mmoja, na fundi mmoja anayejulikana kwa jina. Kila lita ya petroli inaponunuliwa, shilingi 1,000 huwekwa kwenye mfuko wa matengenezo, haziguswi kwa jambo lingine, hata mahafali. Siku ya kwanza kamati ililalamika kwamba safari zimekuwa ghali. Safari hazikuwa ghali zaidi. Ilikuwa ni gharama ile ile ambayo zamani ililipwa siku moja kando ya shamba la mpunga, na ikalipwa na kina mama waliorudi bila chanjo.

MAOMBI YETU

Kwa kamati za sharika. Chombo kikiharibika, andikeni siku hiyo hiyo kimeharibika, kwa nini, na nani aliachwa bila huduma. Taarifa ya namna hiyo haitawafedhehesha. Taarifa tuliyoiandika sisi mwaka 2016 ndiyo inayotufedhehesha.

Kwa marafiki na wafadhili wetu. Kabla ya kututumia chombo, tuulizeni mambo matatu, na msikubali jibu la haraka. Je, vipuri vyake vinapatikana katika mji ulio karibu nanyi? Je, yupo fundi aliyewahi kufungua injini kama hiyo? Je, anayekusudiwa kukiendesha ameulizwa? Mwaka 2014 kama mngetuuliza, na sisi tukajibu kwa kweli, tungesema hapana mara tatu. Hatungeipokea Miguu-Minne. Tungewaomba pikipiki ya kawaida ya mipigo minne, ya aina ambayo pistoni yake inauzwa hata gulioni.

Mwaka jana sharika rafiki moja ilituandikia kwamba imepata chombo cha pili kama kile, kizuri, na iko tayari kulipa meli. Tulichukua wiki mbili kujibu, kwa sababu kukataa zawadi ni kazi ngumu kuliko kuomba. Tulijibu kwa barua ndefu yenye mambo yote mliyoyasikia leo, pamoja na ile siku ya kona hamsini na saba. Tuliwaomba wauze chombo hicho huko kwao, kwa mtu wa mchezo anayekielewa, na fedha zinunue pikipiki hapa nchini, pamoja na vipuri vya miaka miwili.

Wamekubali. Barua yao ilifika juma lililopita, na wawakilishi wao wameketi hapa safu ya pili. Wameongeza jambo moja: wanaomba pikipiki hiyo isipigwe picha ikiwa na utepe. Wanataka picha ya daftari lake baada ya mwaka mmoja.

Miguu-Minne bado ipo. Inafanya kazi huku juu tu, katika mitaa mitatu, na haishuki tena Usangu. Muuguzi wetu alirudi bondeni kwa tarehe aliyoiandika kwenye kadi, kwa basi, na kati ya wale kina mama saba, sita walikuwa wanamngoja. Wa saba alikuwa amehama. Hadi leo tunauliza habari zake kwa kila mtu atokaye upande ule, maana kadi ya mtoto wake bado ina nafasi wazi.